Uzito wa Gari Tupu

Nyakashwa, 4 Septemba 2023

Papa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Maman Marcelline, na kwamba magoti yako yamekupa ruhusa ya kuingia chini ya magari wiki hii. Sisi huku kilimani hatujambo. Carine anakusalimu sana. Mimba yake imeingia mwezi wa tano, anakula vizuri, na Jumapili alikwenda mwenyewe kung'oa majani kwenye kaburi la mumewe Josué. Tangu mgodi ulipomfukia kaka yangu, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akitoka nyumbani bila kusukumwa.

Ningepiga simu, lakini sikio lako limekufa kwa nyundo, nasi mtandao tunaupata juu kabisa karibu na kanisa, kwa hiyo tuendelee na barua kama wazee. Dereva wa basi dogo la Walungu ataileta mpaka gereji yako Nguba, mjini Bukavu.

Nakuandikia kuhusu jeep ya kituo chetu cha afya, ile tuliyoachiwa na shirika lililofunga mradi wake. Unakumbuka kwamba waliiinua vidole vitatu kwa sababu ya mawe ya barabara yetu. Sasa resore ya nyuma, ile springi ya upande wa kulia, imekatika, na ya kushoto imechoka. Télesphore, dereva wetu, ameifunga kwa vipande vya tyubu. Inatembea, lakini inalala upande mmoja, na ukiweka mgonjwa nyuma anateremka pole pole mpaka mlangoni.

Carine alimzaa mtoto wake wa kwanza, yule ambaye hakuishi, kwa kupasuliwa, na huyo wa pili lazima azaliwe hospitali ya Walungu. Hakuna gari nyingine huku. Naomba unitafutie resore mbili za nyuma, nzuri, mapema kabla mvua haijaharibu barabara.

Binti yako,
Constance

Nguba, 9 Septemba 2023

Mwanangu Constance,

Salamu zako zimefika na nimezipokea kwa mikono miwili. Maman yako ni mzima, anauliza kama unakula au unalisha wagonjwa tu. Magoti yangu ni yaleyale, hayapoi wala hayafi.

Unaniambia nikutafutie resore nzuri. Mwanangu, resore si kiatu, kwamba ukikosa namba yako unavaa ya jirani na soksi mbili. Ziko aina tatu, na zote, zikipata mzigo wake, zitaiacha gari yako juu vidole vitatu kama ilivyo. Tofauti ni ugumu. Laini ni ya gari inayojibeba yenyewe na watu wawili. Ya kati ni ya gari yenye mzigo wa kilo mia moja na hamsini hivi, kila siku. Ngumu ni ya gari isiyoteremka chini ya kilo mia tatu. Ukiweka laini kwenye gari ya magunia, itakaa matako chini na siku moja itagonga jiwe na kukatika tena. Ukiweka ngumu kwenye gari tupu, itamrusha aliye nyuma mpaka aguse paa.

Kwa hiyo pima. Chukua mita, anza katikati ya gurudumu la nyuma, panda mpaka ukingo wa bati juu yake. Pima gari ikiwa tupu, pima tena ikiwa na watu. Halafu uniambie gari inabeba nini. Si inachotakiwa kubeba. Inachobeba. Usinijibu kama mnavyowajibu wakaguzi.

Na huyo Télesphore namfahamu. Alijifunza kazi kwangu mwaka mzima, na siku niliyomtuma kujaribu gari ya mteja mpaka kona ya barabara alirudi saa kumi na harufu ya makala, makaa ya watu aliyoyapakia, nikamfukuza. Dereva wa huku kwetu Bushi haoni gari tupu, anaona nafasi.

Mwambie Carine asibebe maji. Mlima umeshanichukulia mmoja mwaka huu.

Papa yako,
Aloys

Nyakashwa, 17 Septemba 2023

Papa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini mko wazima. Hapa ni mafua tu, ambayo hayahesabiwi. Carine amecheka soksi zako mbili. Ni kicheko cha kwanza tangu tumzike Josué mwezi wa tano, kwa hiyo asante.

Nimepima kwa mita ya mshonaji, Télesphore akishika upande wa chini. Upande wa kulia hauna maana kwa sababu ya tyubu. Upande wa kushoto, gari tupu, ni sentimita arobaini na tisa. Na mgonjwa kitandani, mimi, na mtu wa kumlinda, ni arobaini na saba na nusu.

Gari inabeba nini? Inabeba hao niliowataja. Sikujibu kama ninavyomjibu mkaguzi, Papa, nakujibu kama mtoto wako. Tangu nishike kituo hiki funguo zinalala chini ya mto wangu. Najua kwetu kumnyima mtu nafasi kwenye gari ni kama kumnyima maji, na ndiyo maana nilikata kabisa, maana ukimkubalia mmoja umewakubalia wote. Mwezi wa saba nilimteremsha mke wa chifu na gunia lake la mihogo, mvua ikinyesha. Mpaka leo ananipita kanisani kama nguzo. Télesphore naye alininunia wiki mbili, halafu akazoea. Yule uliyemfukuza alikuwa kijana. Huyu ana watoto wanne na anaogopa kupoteza kazi.

Kwa hiyo, kwa hesabu yako mwenyewe, tunahitaji za kati. Hata laini zingetosha, lakini za kati ndizo nazoomba.

Binti yako,
Constance

Nguba, 8 Oktoba 2023

Mwanangu,

Habari ya siku nyingi. Sisi tunapumua. Maman yako amepata dawa ya presha, na tangu aipate, presha imekuwa ndiyo mazungumzo yetu ya chakula cha jioni.

Nimeagiza resore. Nimeagiza ngumu.

Usirushe barua, soma kwanza. Nimesoma vipimo vyako na nimevifikiria siku nyingi. Lakini nina miaka thelathini na minne chini ya magari ya huku. Nimefungua magari ya mapadri, ya madaktari, ya mashirika, na wenyewe wote waliniapia kwamba yanabeba watu wawili na Biblia. Chini nilikuta unga, makala, na mara moja nyama ya ng'ombe mzima. Sisemi unadanganya. Nasema wewe unalala, na funguo zinaweza kuamka. Nasema una huruma, siku moja utashindwa kumteremsha mtu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Na hata kama ni kweli leo, sitaki Carine awe humo siku ambayo si kweli. Nikiweka resore ya kati na mtu akapakia magunia manne kwa siri, itakatika kule kwenye mteremko wa daraja, na mtoto wa Josué yumo. Ngumu haikatiki. Itawasumbua kidogo, lakini haikatiki. Nimeshazika mmoja, sitaki kucheza na uzito.

Zinatoka Kampala na mfanyabiashara fulani, zitachukua wiki tatu. Nitamtumia Télesphore maelezo ya kuzifunga, na ayafuate mstari kwa mstari.

Papa yako,
Aloys

Nyakashwa, 19 Novemba 2023

Papa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Naomba Mungu Maman awe na nafuu. Kwetu afya si mbaya, isipokuwa ya yule nitakayemtaja.

Resore zilifika tarehe nne na Télesphore alizifunga vizuri, kila nati kama ulivyoandika. Gari imesimama na matako juu kama kuku anayekunywa maji. Nilipima: sentimita hamsini na tatu ikiwa tupu. Kabla yake ilikuwa arobaini na tisa.

Jumanne tulimpeleka Carine Walungu kwa ekografi, mtoto atazamwe tumboni kwa mashine. Alikuwa kitandani nyuma, mimi pembeni yake. Papa, sijui nikuelezee vipi. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Télesphore alienda mwendo wa mtu anayetembea na bado tulirushwa. Nilimlalia mapajani nimzuie asianguke. Hatujafika hata nusu ya njia alinishika mkono akasema: "Constance, munishushe. Nitaenda na miguu." Akashuka kweli, akatembea saa moja na nusu na tumbo lake, gari ikimfuata nyuma kama ng'ombe.

Alikuwa ametokwa na damu kidogo. Daktari alimtazama akakuta kondo la nyuma limekaa chini, limefunika njia. Alisema mambo mawili. Kwanza, Carine asirushwerushwe tena, kwa sababu mitikisiko inaweza kulifungua na damu isikome. Pili, damu ikianza, afikishwe hospitali haraka sana. Kurudi tulimbeba kwa machela, wanaume wanane wakipokezana.

Unaona tulipo. Gari ndiyo haraka, na gari ndiyo mitikisiko. Nakuomba, Papa, tubadilishe hizi resore. Nimemwambia Carine ateremke Bukavu akae kwenu mpaka azae, lakini amesema mjane hawezi kuacha maharagwe ya mumewe shambani kabla ya kuvuna. Atateremka Walungu tarehe nane ya mwezi wa kwanza, mavuno yakiisha.

Binti yako,
Constance

Nguba, 26 Novemba 2023

Mwanangu Constance,

Nimesikitika kusoma habari za Carine, na Maman yako amewasha mshumaa. Afya zetu ni zilezile.

Lakini nikwambie ukweli, barua yako imeniuma. Umeniandikia kama mteja aliyeuziwa kitu kibovu. Resore ile haina kosa. Kosa ni gari tupu. Resore ngumu inangoja mzigo. Usipoupa mzigo, inampiga mtu. Basi upeni. Jazeni magunia sita ya mchanga, muyapange sakafuni juu ya ekseli, gari itatulia. Hata hivyo resore mpya huwa ngumu mwanzoni, ikitembea miezi miwili inalegea yenyewe.

Sitaondoa kitu kizuri kwenye gari kwa sababu ya safari moja. Wewe ni muuguzi. Mimi sikufundishi kupiga sindano.

Papa yako,
Aloys

Nyakashwa, 21 Desemba 2023

Papa mpendwa,

Nakutakia Noeli njema wewe na Maman. Carine ni mzima, analala mchana kama nilivyomwamuru, na maharagwe yake yanavunwa na majirani. Mtoto anacheza sana.

Nilifanya ulivyosema. Magunia sita ya mchanga, na ni kweli, gari ilitulia. Ulikuwa na haki na ninaiandika hapa.

Lakini mchanga haukukaa. Wiki ya kwanza kamati ya afya ilikuja kuuliza kwa nini tunabeba udongo mpaka Walungu na kuurudisha, wakati kina mama wanabeba unga kichwani njia ileile. Niwajibu nini? Kabla ya hapo nilikuwa na neno moja: gari ni ya wagonjwa, haibebi uzito mwingine. Sasa wanaona kwa macho yao kwamba inatafuta uzito. Mke wa chifu mwenyewe alisema kwenye mkutano, watu wote wakisikia: "Kumbe udongo iko na nafasi, sisi hatuna." Mchanga ulimwagwa, wakautengenezea ngazi ya kanisa.

Siku hizi gari inabeba watu na magunia. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, inajaa haraka na inakwenda laini kabisa, mgonjwa analala. Siku nyingine inangoja. Papa, naandika neno hilo kwa aibu. Gari ya wagonjwa inangoja abiria, kwa sababu ikienda tupu inaumiza. Wiki iliyopita mtoto mwenye malaria alingoja saa nzima tupate watu watano wa kumkalia pembeni. Alipona, lakini ile saa siisahau.

Uliniambia gari inabeba magunia, nikakuapia haibebi. Sasa inabeba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huu ni mimi ninayeubeba. Naomba za kati. Zimebaki wiki mbili na siku chache kabla Carine hajateremka. Sikuombi unikubalie kwamba ulikosea. Nitumie resore tu, na ukipenda useme ni wazo lako. Tafadhali nijibu upesi.

Binti yako,
Constance

Nyakashwa, 8 Januari 2024

Papa,

Padri amempigia Maman simu, kwa hiyo unajua kwamba Carine amefariki jana, na mtoto pamoja naye. Alikuwa wa kiume. Nakuandikia ujue ilivyokuwa, kwa sababu kwenye matanga utaambiwa mengi. Barua ya Desemba hukuijibu. Nilingoja kila basi.

Damu ilianza jana wakati wa misa ya pili. Alikuwa amebakiza usiku mmoja. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa kwenye kitenge mlangoni. Nilimwekea serumu mbili za mshipani, Télesphore akaleta gari. Ilikuwa tupu. Jumapili hakuna anayekwenda soko, na watu wote walikuwa kanisani.

Nilisimama pale, nikakumbuka maneno yote mawili ya daktari. Carine alinitazama, akasema: "Usiniweke mule tupu." Mchanga haukuwepo tena, na mimi ndiye niliyesema tungoje watu. Hakuna mwingine wa kulaumiwa kwa neno hilo.

Télesphore alikimbia kanisani. Padri alisimamisha misa. Wanaume walitoka wa kwanza, kumi na wawili, na suti zao, wakaja mbio kuingia nyuma. Wamama wazee wakawazuia mlangoni, kwamba mwanamume hawezi kukaa na kumtazama mwanamke anayezaa, tena mjane wa mwenzao ambaye mwaka haujaisha. Nilipiga kelele. Wanaume wenyewe walirudi nyuma, ingawa Télesphore alijaribu kuwavuta mikono. Ikabidi watafutwe wanawake, na wanawake wakatafuta kwanza wa kuwaachia watoto. Tulipata saba. Walikaa wakimzunguka, wakishikana mabega, wakisali rozari.

Dakika arobaini, Papa. Niliziona kwenye saa ninayopimia mapigo.

Gari ilienda vizuri. Nataka ujue hilo. Haikuruka hata mara moja. Alifariki tulipofika darajani, ameweka kichwa juu ya mapaja yangu, na mmoja wa wale wanawake alidhani amelala akaniambia tusimwamshe.

Maziko ni keshokutwa, Jumatano, pembeni ya Josué. Maman asije kwa sababu ya presha. Télesphore anakuja kukuchukua pamoja na barua hii.

Binti yako,
Constance

Nguba, 15 Januari 2024

Mwanangu,

Nimerudi salama. Maman yako hali chakula. Sijui nikuulizeje habari za afya, kwa hiyo siulizi.

Kwenye maziko ulinipa mkono kama unavyowapa wageni, nami sikuwa na haki ya kutaka zaidi. Nisikilize mara hii moja.

Télesphore alipokuja kunichukua, gari ilikuwa tupu. Aliniambia: "Papa, ikala hapa mbele. Nyuma iko inapiga mubaya." Nilikataa. Nilipanda nyuma, nikalala kwenye kile kitanda, kutoka Nguba mpaka kwenu. Baada ya Walungu nilitapika. Nilishika vyuma mpaka ngozi ya viganja ikatoka, na mimi ni mzee wa gereji, si mwanamke mwenye damu. Kabla ya daraja niligonga bati ili asimame. Hakusikia, au alisikia.

Barua yako ya Desemba ilifika tarehe ishirini na nne. Niliisoma, nikaiweka kwenye droo ya spana. Nilikasirika kwa sababu uliandika nitumie resore na niseme ni wazo langu. Nilijiambia nitajibu baada ya sikukuu, hasira ikipoa. Nilikuwa nangoja upoe wewe.

Kuna jingine, na ukilisikia kwa mtu itakuwa mbaya zaidi. Resore za kati zilikuwa hapa. Mfanyabiashara mmoja wa Muhumba alikuwa nazo tangu Oktoba, dakika kumi kutoka kwangu kwa miguu yangu hii mibovu. Nilizishika mkononi kabla ya kuagiza zile za Kampala. Nilizirudisha kwenye rafu kwa sababu niliamini ubaya wa dereva niliyemfukuza zamani kuliko neno la mtoto niliyemzaa. Ulinipa sentimita, ulinipa neno lako, nami nikachukua kile nilichokijua tayari. Nilidhani namlinda Carine. Nilikuwa nalinda ujuzi wangu.

Nimezinunua. Jumamosi tarehe tatu Februari nitakuja kuzifunga mwenyewe. Sitaki mtu mwingine aingie chini ya gari hiyo. Kama hutaki kuniona, baki ndani, sitabisha mlango. Lakini niandikie, Constance. Hata uniandikie matusi.

Papa yako,
Aloys

Kituo cha Afya, Nyakashwa, 11 Februari 2024

Kwa fundi Aloys, Nguba.

Tumepokea resore mbili za nyuma za aina ya kati, ambazo ulizifunga tarehe 3 Februari. Zile za zamani zimerudishwa kwako kwa basi la Walungu.

Gari inatembea vizuri ikiwa tupu. Kipimo ni sentimita hamsini. Alhamisi ilimteremsha mama mwenye mimba ya mapacha bila kungoja mtu. Amejifungua, na wote watatu ni wazima.

Kwa habari za gari, kuanzia leo mwandikie Télesphore.

Constance,
Muuguzi mkuu